Jina la Mjane kwenye Stensili

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoipoteza kazi yangu, nikamchafulia jina mzee mmoja aliyeniamini, na nusura nimkoseshe ardhi mama niliyekusudia kumsaidia. Yote hayo niliyatenda asubuhi moja, kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha uji. Watu wa kwetu Malinya wakikisimulia kisa hiki huanza na hasira zangu, kana kwamba nilizaliwa nazo. Hawasemi zilitoka wapi. Basi acha niseme mimi.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, iliyoshughulikia mashamba ya masetla kule Lugari. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Wazungu walikuwa wakiuza na kuondoka, na mashamba yao yalikatwa ploti wapewe Waafrika. Mimi ndiye niliyekuwa msichana Mwafrika wa kwanza kukaa mbele ya taipureta katika ofisi ile. Kabla yangu alikuwako mke wa mzungu mmoja, aliyeacha mto wake wa kukalia na picha ya mbwa wake kwenye droo. Picha niliitupa siku ya kwanza. Mto niliukalia.

Mkubwa wetu naye alikuwa mpya. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa suti na kalamu ya wino mwekundu, na siku alipokabidhiwa ofisi tulimpigia makofi mpaka viganja vikawasha. Alituambia kwamba siku za kusimama dirishani na kofia mkononi zimekwisha. Mwananchi yeyote ataingia na kuketi. Nilimwamini kabisa. Maneno yale niliyapiga taipu mwenyewe, yakabandikwa ukutani.

Mtu wa tatu katika chumba chetu alikuwa karani mzee. Huyu alikuwa amewaona wazungu wanne wakija na kuondoka, na alibakiza miezi michache astaafu. Ndiye aliyenifundisha kukata stensili. Siku hizi watu hawaijui stensili: ni karatasi laini yenye nta, unaipiga bila utepe wa wino, na herufi zinaitoboa. Ukiitazama huoni maandishi vizuri mpaka uinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kwa hiyo sheria ya ofisi ilikuwa kwamba kila stensili isomwe na watu wawili kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kutoa nakala. Mmoja asome karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mwingine afuatilie stensili. Kisha karani mzee alitia herufi mbili za jina lake pembeni, na kazi ikahesabiwa kuwa safi.

Yule mama alianza kuja wakati wa palizi. Alikuwa Mkabras, mwembamba, mrefu, na alivaa koti la mvua la kiume lililomfika magotini. Mumewe alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la mahindi huko Lugari kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe alikamua ng'ombe wa mzungu tangu ujana wake. Walikaa katika laini, vile vibanda vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari mmoja, na humo alizaa mabinti watatu. Mzungu alipouza, wafanyakazi waliandikishwa wapewe ploti palepale. Mume aliandikishwa, na kabla orodha haijathibitishwa akafa kwa nimonia.

Mama alitaka jambo moja tu: ploti ile iandikwe kwa jina lake. Mkubwa wetu alimwambia alete mwanamume wa ukoo. Akajibu kwamba hakuna mwanamume wa ukoo aliyewahi kushika jembe katika shamba lile. Mkubwa akamwambia aende afikirie. Aliporudi na jibu lilelile, hakukaribishwa tena ndani. Alikaa kwenye benchi la varanda, chini ya lile tangazo langu linalosema kila mwananchi ataingia na kuketi.

Nilimhesabia mara sita. Alitoka Lugari kwa basi la alfajiri, akakaa mpaka tulipofunga ofisi, akarudi. Mchana karani mzee alimpelekea chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, na kila mtu aliona. Mimi nilikuwa nikitoka kumpa viazi vitamu, tukazungumza kidogo. Siku moja nilimwita "mke wa" nikitaja jina la marehemu, kama lilivyoandikwa kwenye faili. Akanikatiza.

"Nina jina langu," akasema. "Nilibatizwa nalo. Lishike."

Akanitajia majina yake mawili, polepole, kama mtu anayemtajia karani. Niliyashika.

Siku ya mwisho aliyokuja, shemeji yake alikuja pia. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa mbao hapa mjini, mtu wa shati jeupe na saa ya mkononi. Yeye hakukaa kwenye benchi. Mkubwa alitoka kumpokea mlangoni, wakaingia, mlango ukafungwa, na nikaitwa niwaletee chai. Nilipoingia na sinia niliwakuta wakicheka habari za fahali fulani aliyepigana na mwenzake Malinya Jumamosi iliyopita. Nilipotoka nilimkuta yule mama varandani akiitazama mvua. Aliniuliza ni nani yuko ndani. Nilimwambia sijui. Uwongo ule uliniuma kuliko nilivyotarajia.

Asubuhi iliyofuata nililetewa orodha ya mwisho nikate stensili. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tatu jina la marehemu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake limeandikwa jina la muuza mbao.

Ningependa kusema kwamba nilikaa nikalipima jambo lile. Sikulipima. Niliona mstari ule mwekundu, na damu ikanipanda masikioni. Vidole vyangu vikapiga majina mawili ya yule mama, yote, bila kosa hata moja, kisha nikaendelea na mtu aliyefuata kana kwamba sijafanya kitu. Karani mzee siku hiyo alikuwa na ruhusa ya kwenda mazishini Musanda, na basi lilikuwa linamngoja. Akainama juu ya meza yangu, akaniuliza kama nimeisoma vizuri. Nikasema ndiyo. Akatia herufi zake mbili pembeni, akavaa kofia, akaondoka. Mkubwa alitia sahihi barua ya juu, na orodha yenyewe hakuigusa.

Siku kumi nilikaa na furaha ambayo sasa naiona ni ya kijinga. Nilijiona ndimi Uhuru wenyewe. Nilimwaza mama yule akifika mbele ya ubao wa matangazo kule shambani na kusomewa jina lake.

Aliyefika mbele ya ubao kwanza alikuwa muuza mbao. Jumatano alikuja ofisini na tope mpaka kwenye magoti ya suruali, akaingia kwa mkubwa bila kubisha, na sauti zao tulizisikia sote. Baada ya nusu saa karani mzee aliitwa. Alipotoka alikuwa ameshika funguo za kabati, akaziweka juu ya meza yangu kwa utaratibu, moja moja. Alinieleza kwa maneno machache kwamba amesimamishwa kazi. Wanasema alihongwa na mjane. Chai ile aliyompa mbele ya watu imekuwa ushahidi kwamba walijuana.

"Wewe uliisoma vizuri?" akaniuliza tena.

Nilimtazama usoni nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa kwetu hawaisimulii, kwa sababu sikuwahi kuwaambia. Aliinama kidogo kama mtu aliyepokea mzigo, akachukua chupa yake ya chai, akaenda.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanisa, aliyetufundisha kwamba uwongo ni dhambi mbaya kuliko wizi kwa sababu hauna cha kurudisha. Nilimweleza yote nikitazamia aniambie niende nikaseme kweli. Halafu akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikasema hakuna. Akasema yule mzee ana umri mkubwa na angestaafu tu. Mimi nina ndugu watano nyuma yangu wa kusomeshwa, na hakuna msichana mwingine katika kilima chetu aliye na kazi ya serikali. Sikuyaamini masikio yangu. Nilimkasirikia mno, mpaka nikashindwa kumla kuku aliyenichinjia. Lakini nakiri kwamba ndani ya hasira ile palikuwa na kipande kidogo kilichotaka kumsikiliza. Mama yangu, aliyekuwa akipepeta mahindi pembeni, ndiye aliyekimaliza. Aliuliza tu kama yule karani ana watoto.

Jumatatu niliingia kwa mkubwa nikamwambia ni mimi. Alifunga mlango. Nilitazamia matusi, na ningeyapokea. Badala yake alikaa, akanionyesha kiti, akazungumza nami kwa upole wa mtu mzima anayemweleza mtoto mambo ya dunia.

"Nikiandika kwamba ni wewe," akasema, "watu wa Nairobi wataniuliza: wewe mkubwa ulitia sahihi kitu usichokisoma? Lakini karani mzee akila rushwa, hilo wanalielewa. Hutokea. Rudi kwenye mashine yako, binti yangu. Sijasikia kitu."

"Na yeye je?"

"Yeye amekula mshahara wa wazungu miaka ishirini. Hatakufa njaa."

Hadi leo sijui ni nini kilichonikera zaidi: kile alichokisema, au kwamba aliniita binti yangu wakati wa kukisema. Nilirudi kwenye mashine yangu kama alivyoniagiza. Nikaweka karatasi na kaboni mbili, nikaandika kila nilichofanya, tangu mstari mwekundu mpaka maneno yake ya asubuhi ile. Mara hii sikuwa na haraka. Niliisoma mara tatu. Mkaguzi alipokuja kutoka Nairobi wiki hiyo kuchunguza habari ya orodha ile, nilimpa nakala ya kwanza mkononi, mbele ya mkubwa. Nakala ya pili nilimpelekea karani mzee nyumbani kwake. Ya tatu ninayo.

Nilifukuzwa siku hiyohiyo. Karani mzee alirudishwa, lakini hakurudishwa mezani pake. Alipelekwa stoo kuhesabu majembe na magunia mpaka alipostaafu. Alipoisoma barua yangu, mkewe aliniambia baadaye, aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Nilipokutana naye njiani miaka iliyofuata alinisalimu kila mara, mulembe, na mimi nikamjibu mulembe, na hakupunguza mwendo. Nilistahili hivyo. Mkubwa yeye hakuguswa. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo akahamishiwa ofisi yenye zulia.

Nilibaki na faraja moja: orodha mpya sikuwahi kuiona, nikajiambia kwamba angalau yule mama ana ploti. Niliing'ang'ania. Mwezi mmoja baada ya kufukuzwa nilipanda basi mpaka Lugari nimwone. Nafikiri nilikwenda kushukuriwa.

Nilimkuta nje ya kibanda chake kule laini, akipukuchua mahindi na binti yake mdogo. Alinitambua mara moja. Alinipa kigoda, akamtuma mtoto alete maji, akangoja ninywe. Kisha akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeandika jina lake. Nikasema ndiyo, nikitabasamu.

"Nani alikutuma?" akauliza.

Nikamwambia hakuna. Nikaanza kumweleza habari za mstari mwekundu, na shemeji yake na chai. Alinisikiliza huku mahindi yakiendelea kudondoka katika beseni. Nilipomaliza alinieleza jambo ambalo hakuna mtu ofisini aliyelijua. Mara ile ya mwisho alipokaa kwenye benchi letu hakuwa amekuja kuomba. Alikuwa amekuja kumwarifu mkubwa kwamba amekwenda kwa aliye juu yake, bwana mmoja aliyesimamia skimu nzima ya kugawa mashamba yale, na bwana yule amekubali kuja shambani kusikiliza kesi. Siku ilikuwa imepangwa. Wafanyakazi wote wa laini walikuwa tayari kusema ni nani aliyelima na ni nani hakulima. Halafu orodha ikabandikwa yenye jina lake, ikagunduliwa si halali, na bwana yule akaandika kwamba hawezi kusikiliza kesi ya mtu aliyeghushi karatasi za serikali. Jina lake likafutwa. Kesi ikafutwa pia, na barua yangu kwa mkaguzi haikuirudisha.

"Mimi sikuiba," akasema. Sauti yake haikupanda, lakini mikono iliacha kupukuchua. "Nimekaa miaka yote hapa na hakuna mtu aliwahi kuniita mwizi, hata mzungu. Sasa naitwa. Ungeniuliza. Nilikuwa pale varandani, hatua tatu kutoka mlangoni kwako. Ungeniuliza tu."

Nilianza kulia, na akaniambia nisilie mbele ya mtoto. Baadaye alitupakulia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za kienyeji, tukala pamoja. Kabla basi halijapita alinipa jembe, tukapalilia maharagwe yake yaliyokuwa nyuma ya kibanda. Sijui kama ilikuwa adhabu au ukarimu. Nilipalilia mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Kilichompa ardhi mwishowe si mimi, wala si ofisi yoyote. Wapima ardhi walipokuja kuweka mawe ya mipaka, wanawake wa laini walikwenda na majembe yao wakaketi kwenye kile kipande cha dereva wa trekta, wakakataa kuondoka. Waume zao walikataa kuhamia ploti zao wenyewe mpaka mjane apewe yake. Walikaa siku nne, wakipikiana palepale. Bwana wa skimu alikuja kwa hasira, akaishia kusikiliza, kwa maana watu walikuwa wameketi na hakuna pa kupita. Mama alipewa kipande, ingawa si kile chake. Alipewa cha chini, karibu na kinamasi, kidogo kuliko vya wengine. Na kwenye karatasi, hili ndilo lisilonitoka moyoni, kiliandikwa kwa jina la muuza mbao, "kwa niaba ya familia ya marehemu." Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga tope la shamba lile isipokuwa siku aliyokwenda kulitafuta jina lake ubaoni.

Mama alikilima kinamasi kile, akachimba mifereji na mabinti zake, akapata mahindi na magimbi. Nilimtembelea kila mwaka. Alinisamehe bila kuniambia, nikajua kwa kuwa alianza kunituma: nimletee mbegu, nimsomee barua, nimwandikie nyingine kwa jina lake mwenyewe kulalamika juu ya ile karatasi. Kila barua niliisoma kwa sauti mara mbili kabla hajaitia kidole gumba, naye alinisahihisha. Tuliandika nyingi. Zilijibiwa mbili, zote zikisema suala linashughulikiwa. Alifariki likiwa bado linashughulikiwa.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nafundisha wasichana taipu katika jumba la kanisa pale mjini. Siku moja niliingia dukani kwa Mhindi kununua utepe, nikasikia mtu akicheka nyuma yangu. Alikuwa mkubwa wetu wa zamani, amenenepa, ameshika fimbo, yuko na mkewe. Alinipa mkono kwa furaha ya kweli. Akamwambia mkewe kwamba mimi ndiye yule msichana aliyewafanyia mchezo ofisini zamani zile. Mkewe akauliza ni mchezo gani.

"Sikumbuki vizuri," akasema. "Ni habari ya mama fulani tu na ploti."

Sikupiga kelele. Niliweka utepe wangu juu ya kaunta, nikamgeukia mkewe, nikamsimulia yote. Nilimtajia majina yote mawili ya mjane. Nilimsimulia mstari mwekundu, funguo juu ya meza yangu, uwongo wangu kwa karani mzee na maneno ya mumewe nyuma ya mlango, kisha wale wanawake na majembe yao. Mhindi aliacha kupima kitambaa. Mkubwa alisimama akitazama rafu ya mablanketi kana kwamba anachagua.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamtazama mumewe.

"Ni kweli?" akauliza.

Mumewe alisema gari linangoja. Mkewe hakusogea. Akauliza mara ya pili.